Mtandao Pepe wa Kibinafsi na Runinga ya Nyumbani: Mipaka, Kasi na Amana

1.0 Utangulizi

Katika Jumamosi nyingi za msimu wa kandanda, hali moja ya ajabu hujitokeza. Saa tisa alasiri kwa saa za Uingereza, mechi kadhaa za Ligi Kuu ya nchi hiyo huanza kwa pamoja. Mtazamaji aliyeko Nairobi au Eldoret, ambaye amelipia huduma yenye haki za matangazo, huweza kuitazama mojawapo akiwa sebuleni mwake. Mkaazi wa Manchester anayeishi hatua chache kutoka uwanjani hawezi kuitazama mechi iyo hiyo moja kwa moja kwenye runinga yake. Sababu ni kwamba nchini Uingereza matangazo ya moja kwa moja ya kandanda hayaruhusiwi siku ya Jumamosi kati ya saa nane na dakika arobaini na tano na saa kumi na moja na robo. Kanuni hiyo, yenye chimbuko katika miaka ya sitini ya karne iliyopita, ilinuiwa kuwahimiza mashabiki waende viwanjani, hasa katika vilabu vidogo.

Siku inayofuata mambo hugeuka. Mtazamaji wa Nairobi anapotaka kuona tamthilia katika huduma ya BBC iPlayer, hupokea ujumbe kwamba vipindi hivyo vinapatikana Uingereza pekee. Kila mmoja wa watazamaji hawa anaona kwamba mwenzake amefunguliwa mlango ambao yeye amefungiwa, na wote wawili huelekezwa na marafiki kwenye suluhisho moja, yaani VPN.

Makala haya yananuia kueleza zana hiyo ni nini, inavyofanya kazi, na mambo ambayo familia inapaswa kuyapima kabla ya kuitumia kutazamia runinga ya mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba VPN hubadilisha mahali ambapo mtazamaji anaonekana kuwepo. Haimpi haki ambayo hakuwa nayo, haipanui njia ya data iingiayo nyumbani kwake, na haimwondolei msimamizi wa mawasiliano yake. Humbadilishia tu msimamizi huyo. Anayeinunua bila kuyafahamu mambo haya matatu huenda akalipia asichokipata na kutoa asichokusudia kutoa.

2.0 Istilahi na Chimbuko

Herufi VPN zimetafsiriwa kwa Kiswahili kwa namna kadhaa, mojawapo ikiwa 'mtandao pepe wa kibinafsi'. Neno 'pepe' hapa lina maana ya kitu kisichoshikika lakini kinachotenda kazi kana kwamba ni halisi. Mtandao huu haujajengwa kwa nyaya zake wenyewe. Hupita juu ya nyaya za intaneti ya kawaida, lakini data yake hufungwa kwa namna ambayo wapitaji wengine hawawezi kuisoma.

Neno linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni 'kibinafsi'. Msomaji anaweza kudhani kwamba mtandao huo ni mali ya mtumiaji. Sivyo. Kwa huduma nyingi zinazouzwa kwa wananchi, mtandao ni mali ya kampuni, na mtumiaji ni mpangaji. Kwa sababu hiyo, istilahi 'mtandao pepe wa faragha' inaelekea kuwa karibu zaidi na dhana inayokusudiwa, ingawa nayo ina kasoro kwa kuwa faragha hiyo ina mipaka kama itakavyoonyeshwa katika sehemu ya 6.0.

Ikumbukwe kwamba teknolojia hii haikubuniwa kwa ajili ya filamu wala kandanda. Lengo lake la awali lilikuwa kumwezesha mfanyakazi aliye nyumbani au safarini kuifikia mitandao ya ndani ya ofisi yake bila kuhofia kwamba siri za ofisi zitasomwa njiani. Itifaki za awali zilichapishwa katika miaka ya tisini. Programu huria ya OpenVPN ilifuata mwaka 2001, na itifaki nyepesi ya WireGuard ikaingizwa katika kiini cha Linux mnamo mwezi Machi mwaka 2020. Matumizi ya kutazamia runinga yalikuja baadaye, pale watu walipotambua kwamba mtu anayeunganishwa na ofisi ya London huonekana mtandaoni kana kwamba yuko London.

3.0 Jinsi VPN Inavyofanya Kazi

Kila kifaa kinachowasiliana kwenye intaneti huhitaji anwani. Katika mfumo wa zamani ambao bado unatumika sana, anwani hiyo huundwa kwa biti 32, na kwa hivyo idadi ya anwani zote zinazowezekana ni takriban bilioni 4.3. Anwani hizi hugawiwa kwa maeneo. Kwa bara la Afrika, mgawaji ni AFRINIC, shirika lenye makao yake nchini Mauritius na ambalo lilitambuliwa rasmi mwaka 2005. Kampuni zinazowauzia Wakenya huduma ya intaneti hupata mafungu ya anwani, nazo humpa kila mteja anwani ya kutumia, mara nyingi akiitumia pamoja na wateja wengine.

Kwa kuwa mafungu hayo hujulikana yamepewa nani, zipo hifadhidata zinazolinganisha anwani na nchi. Runinga ya Nakuru inapoomba kipindi, seva ya huduma husika huitazama anwani ya mwombaji, huilinganisha na hifadhidata, na kuamua kama mwombaji yuko katika nchi inayoruhusiwa. Seva haimwoni mtu, haioni nyumba; huona anwani tu.

Mfano wa barua unaweza kufafanua jambo hili. Mtu wa Nakuru huandika barua kwa huduma ya runinga, huitia katika bahasha na kuifunga. Kisha bahasha hiyo huitia ndani ya bahasha ya pili iliyoandikwa anwani ya mtu wa kati aliyeko London. Tarishi wa Nakuru, yaani kampuni ya intaneti, huiona bahasha ya nje pekee. Mtu wa kati huifungua bahasha ya nje, huituma ile ya ndani kwa niaba ya mwandishi, na jibu likija hulirudisha kwa njia iyo hiyo. Huduma ya runinga nayo huona kwamba barua imetoka London. Mtu huyu wa kati ndiye seva ya VPN. Kuifunga bahasha kwa namna isiyosomeka ndiko kunakoitwa usimbaji. Na njia yote kutoka nyumbani hadi kwa mtu wa kati huitwa handaki.

Mambo mawili yanabainika kutokana na mfano huu. Kwanza, handaki huishia kwa mtu wa kati. Kutoka kwake hadi kwenye huduma ya runinga, barua husafiri kwa njia ya kawaida. Pili, mtu wa kati anajua barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani.

4.0 Kwa Nini Runinga ya Mtandaoni Ina Mipaka

Intaneti yenyewe haina mipaka ya nchi, lakini haki za kuonyesha kazi za sanaa na michezo huuzwa nchi kwa nchi au eneo kwa eneo. Mwenye filamu anaweza kuuza haki za Afrika Mashariki kwa kampuni moja na za Ujerumani kwa nyingine. Kampuni iliyonunua haki za eneo moja haiwezi kuonyesha filamu hiyo kwingineko bila kuvunja mkataba. Kwa upande wa BBC iPlayer, huduma iliyozinduliwa mwaka 2007, sababu nyingine ni kwamba vipindi hugharimiwa na ada ya leseni ya runinga inayolipwa na jamaa za Uingereza. Tangu tarehe 1 Septemba 2016, hata aliye ndani ya Uingereza huhitaji leseni hiyo ili aitumie iPlayer.

Mvutano kati ya mtazamaji na mipaka hii ulianza kabla ya VPN kuenea majumbani. Bi. Karen Murphy, mwendesha baa mjini Portsmouth, alitumia kadi ya king'amuzi ya kituo cha Ugiriki kuwaonyesha wateja wake mechi za Ligi Kuu kwa gharama ndogo kuliko ya Uingereza. Alishtakiwa na kutozwa faini. Kesi ilifika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mnamo tarehe 4 Oktoba 2011 iliamua kwamba kupiga marufuku kadi kutoka nchi nyingine za Umoja huo kulipingana na uhuru wa kutoa huduma. Hata hivyo, mahakama iyo hiyo ilieleza kwamba sehemu fulani za matangazo, kama vile nembo na wimbo wa ligi, zinalindwa na hakimiliki, na kuzionyesha katika baa kulihitaji idhini. Mwaka uliofuata, Mahakama Kuu nchini Uingereza ilibatilisha hukumu dhidi yake.

Kesi hiyo inafunza kwamba hata mtu aliyelipia huduma kihalali katika nchi moja anaweza kukuta swali la haki halijajibiwa lote. Bi. Murphy aliyavusha matangazo mpaka. Mtumiaji wa VPN hujivusha yeye mwenyewe, angalau kwa sura. Katika hali zote mbili, mkataba wa haki hubaki vile vile.

Mipaka hii inaweza kulegezwa kwa makubaliano. Tangu tarehe 1 Aprili 2018, kanuni ya Umoja wa Ulaya humruhusu mkaazi wa nchi mwanachama aliyelipia huduma ya runinga kwao kuendelea kuitumia anapokuwa ziarani katika nchi nyingine mwanachama. Hapo msafiri hahitaji kujifanya yuko nyumbani.

Kampuni nazo hujilinda. Tarehe 6 Januari 2016, Netflix ilijitandaza katika nchi mpya 130, Kenya ikiwemo. Siku nane baadaye ilitangaza kwamba ingewazuia watazamaji wanaotumia VPN na zana nyingine za aina hiyo kuona vipindi vya nchi nyingine. Kugundua si kazi ngumu sana. Anwani za seva za VPN mara nyingi huwa za vituo vya data na si za makazi ya watu. Aidha, maelfu ya watazamaji wanapotumia anwani moja kwa wakati mmoja, hilo hutambulika. Nchi ya kadi ya malipo, mahali simu inapojitambulisha, na nchi ya duka la programu ambamo akaunti ilisajiliwa pia hutoa ushahidi. Ndiyo maana seva inayofungua kipindi leo huweza kukataliwa kesho, na mtu aliyelipia VPN mwaka mzima akakosa kile alichokilipia.

5.0 Suala la Kasi

Matangazo ya biashara humfanya mteja kuamini kwamba VPN huiongezea intaneti kasi. Dai hili linahitaji kupimwa kwa hesabu. Netflix hupendekeza kasi ya angalau megabiti 5 kwa sekunde kwa picha angavu kamili, na megabiti 15 kwa picha ya kiwango cha 4K. Mkondo wa megabiti 5 kwa sekunde ukitiririka kwa saa nzima hutumia takriban gigabaiti 2.25. VPN haipunguzi kiasi hicho. Hukiongeza kidogo, kwa kuwa bahasha ya nje nayo ina uzito wake. Mwenye kifurushi cha megabiti 4 kwa sekunde hatapata 5 kwa kujiunga na seva ya ng'ambo.

Umbali nao una athari. Mwanga katika nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London kwa mstari mnyoofu ni takriban kilomita 6,800. Kwa hivyo kwenda na kurudi huchukua angalau sehemu 68 za elfu moja za sekunde. Nyaya hazipiti mstari mnyoofu. Huteremka hadi Mombasa na kufuata njia za baharini, kama zile za SEACOM na TEAMS zilizoanza kutumika mwaka 2009. Kwa hivyo muda halisi huzidi huo. Kwa filamu iliyorekodiwa, kifaa huweka akiba ya dakika kadhaa mbele na kuificha kasoro hiyo. Kwa mechi inayochezwa sasa, akiba ni ndogo, na picha hukatika kwa urahisi.

Jambo ambalo watumiaji wengi hawalifahamu ni kuhusu maghala ya karibu. Kampuni kubwa za video huhifadhi nakala za vipindi vyao katika seva zilizo karibu na watazamaji, zikiwemo seva zinazowekwa ndani ya mitandao ya watoaji huduma. Familia ya Nairobi inapotazama filamu inayopatikana Kenya, huenda filamu hiyo isivuke bahari kamwe. Familia hiyo ikiwasha VPN ya London na kutazama filamu iyo hiyo, itakuwa imeliacha ghala lililo mlangoni pake na kuagiza bidhaa kutoka mbali.

Hata hivyo, ipo hali moja ambapo dai la kasi lina ukweli. Iwapo mtoaji huduma anazibana kwa makusudi data za video, handaki humzuia asizitambue, na hivyo asizibague. Njia ya kulithibitisha jambo hili ni kupima kipindi kimoja kwa saa ile ile, kwanza bila VPN, kisha kwa VPN yenye seva iliyo karibu.

6.0 Suala la Amana

Bila VPN, kampuni ya intaneti huweza kujua ni tovuti zipi zinazotembelewa na kaya fulani, ingawa yaliyomo katika tovuti nyingi leo tayari husimbwa na tovuti zenyewe. Kwa VPN, kampuni ya intaneti huona handaki tu. Ujuzi huo sasa umehamia kwa mwenye VPN. Kwa lugha ya Waswahili, familia imeitoa amana kwa mmoja na kuikabidhi kwa mwingine. Swali la msingi ni kama mpokeaji mpya anastahili kuaminiwa kuliko wa kwanza.

Mifano miwili inatosha kuonyesha uzito wa swali hili. Mwaka 2013 kampuni ya Facebook iliinunua Onavo, iliyokuwa na programu ya VPN ya bure iliyonadiwa kuwa kinga ya mtumiaji. Data zilizopita humo zilitumiwa kuchunguza programu za washindani. Programu hiyo iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018 na kufungwa mwaka 2019. Mwezi Julai mwaka 2023, mahakama nchini Australia iliamuru kampuni mbili tanzu zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Mfano wa pili ni Hola, huduma iliyopendwa na watazamaji wa runinga za ng'ambo. Mwaka 2015 ilidhihirika wazi kwamba vifaa vya watumiaji wa bure viligeuzwa kuwa milango ya kutokea ya data za watu wengine, na nafasi hiyo iliuzwa kibiashara kwa jina la Luminati. Mtu aliyedhani anatazama tu kumbe mlango wa nyumba yake ulikuwa umekodishwa kwa wasiojulikana.

Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Kuendesha seva katika nchi nyingi kuna gharama, na asiyelipa kwa fedha mara nyingi hulipa kwa njia nyingine. Hata huduma ya kulipia inafaa kuulizwa: iko chini ya sheria za nchi gani, huhifadhi kumbukumbu zipi, na je, madai yake yamewahi kukaguliwa na mtu wa nje?

7.0 Suala la Sheria

Nchini Kenya hakuna sheria inayoharamisha VPN kwa jina. Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 pamoja na marekebisho yake inagusia ukwepaji wa vizuizi vya kiteknolojia vinavyolinda kazi za wabunifu. Isitoshe, masharti ya huduma nyingi za runinga hukataza kuficha mahali alipo mteja, na anayeyavunja anaweza kufungiwa akaunti.

Hali si moja katika nchi zote ambamo Waswahili huishi au kufanya kazi. Mwezi Oktoba mwaka 2023, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka watu binafsi na kampuni zinazotumia VPN kuwasilisha taarifa zao kwake. Katika Muungano wa Falme za Kiarabu, sheria ya mwaka 2021 inaweka faini ya kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000 kwa mtu anayeigeuza anwani yake ya mtandao kwa nia ya kutenda kosa au kuficha kosa. Mkenya anayekwenda Dubai na simu iliyozoeshwa VPN nyumbani anapaswa kulijua hili kabla ya kupanda ndege. Isitoshe, akitaka tu habari za nyumbani, mara nyingi hahitaji VPN, kwa kuwa vituo vikuu vya Kenya hupeperusha taarifa zao wazi kupitia YouTube.

8.0 Matumizi Nyumbani

VPN inaweza kuwekwa katika runinga yenyewe ikiwa inakubali programu, au katika ruta inayogawa intaneti ya nyumba nzima. Njia ya kwanza ni rahisi na huathiri kifaa kimoja. Njia ya pili hufaa runinga zisizokubali programu, lakini ina madhara mawili. Ruta za bei nafuu zina uwezo mdogo wa kusimba, hivyo kasi hushuka kwa kila mtu. Fauka ya hayo, mawasiliano ya nyumba nzima huonekana yakitoka ng'ambo. Mzazi anayefungua akaunti ya benki huweza kuzuiwa kwa kushukiwa kuwa mwizi. Programu nyingi huruhusu kugawa njia, yaani runinga ipite handakini na vifaa vingine vipite njia ya kawaida. Uwezo huu utumiwe.

Aidha, inafaa kuhakikisha kwamba maombi ya majina ya tovuti nayo yanapita handakini. Yakipita nje, huduma ya runinga huweza kugundua nchi halisi, na kampuni ya intaneti huendelea kujua yanayotafutwa. Mwisho, ni busara kuanza na malipo ya mwezi mmoja badala ya miaka miwili, kwa sababu ubora wa seva hauwezi kujulikana kwa kusoma tangazo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba VPN ni chombo chenye manufaa kwa kazi iliyokibuni, nayo ni kuyalinda mawasiliano yanapopita katika njia isiyoaminika. Katika runinga ya nyumbani, manufaa yake ni finyu kuliko yanavyotangazwa. Mtazamaji wa Nairobi aonekanaye London bado hajalipa leseni ya Uingereza, na yule wa Manchester aonekanaye Nairobi bado amefungwa na mkataba wa nchi yake. Kabla ya kuiwasha, familia inafaa kujiuliza maswali matatu: haki ya kipindi hiki ni ya nani, njia yetu ina uwezo gani, na amana yetu tunamkabidhi nani. Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna jukumu la ziada. Istilahi 'kibinafsi' ikiendelea kutumiwa bila maelezo, watumiaji wengi watazidi kudhani kwamba wamemiliki kitu ambacho wamekikodi tu.